Dibaga ikinyamaza: barua ya wazi kwa wakuu na walimu wa informatiki wa Lubumbashi



Barua hii ni yenu ninyi mnaoongoza na kufundisha informatiki katika mji huu: Chuo Kikuu cha Lubumbashi, École Supérieure d'Informatique Salama, Institut Supérieur de Statistique, na shule nyingine zote zinazotoa vijana wa kompyuta kila mwaka. Darasani mnatufundisha kwa Kifaransa, na vitabu vingi vya kazi yetu viko kwa Kiingereza. Nimechagua Kiswahili kwa kuwa ningependa mzazi wa Katuba anayelipia masomo ya mwanawe aisome, na kijana wa Kampemba anayejifundisha programu peke yake usiku, umeme ukirudi, aisome vilevile.

Ninaleta ombi moja. Mfundisheni mwanafunzi kuifuatilia kasoro iliyoingia katika chombo cha kazi mpaka alifikie badiliko lililoileta, aitengeneze, kisha ayapeleke matengenezo hayo kwa wenye chombo, popote walipo duniani. Ninazungumzia kasoro ya aina moja hasa, kasoro ya kurudi nyuma: chombo kilikuwa kinafanya kazi vizuri katika toleo la zamani, na katika toleo jipya hakijibu tena. Mfano wangu ni dibaga ya mstari wa amri, maana hicho ndicho chombo cha kutafutia makosa ya vyombo vingine. Kikinyamaza chenyewe, fundi amebaki gizani.

Kwa wasomaji wasio wa kazi hii, dibaga ni programu inayosimamisha programu nyingine katikati ya mwendo wake ili mtu aichungulie ndani. Unaandika amri, inakujibu. Simama kwenye mstari wa 120. Nionyeshe thamani ya kitu hiki. Endelea hatua moja. Kwa lugha za C na C++ inayojulikana zaidi ni GDB, ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1986 katika mradi wa GNU, na ambayo leo inatunzwa na watu wa nchi nyingi. Hapa kwetu, kijana anayeandika programu ya kusoma mizani ya malori, ya kupima joto la tanuru, au ya kuunganisha mashine kongwe ya kiwandani na kompyuta mpya, siku moja ataihitaji tu. Programu za namna hiyo zikipata shida hazitoi ujumbe wa kosa uliopangwa vizuri kama ukurasa wa intaneti. Zinakwama, basi.

Na dibaga yenyewe ikikwama? Kunyamaza kwake kuna sababu mbalimbali, na mwanafunzi anapaswa kuzitofautisha kabla hajagusa chochote. Kuna kunyamaza kwa kuzunguka: programu imeingia katika mzunguko usio na mwisho, na ukiandika top unaiona inakula prosesa yote. Kuna kunyamaza kwa kungoja: prosesa haina kazi, programu imelala ikisubiri kitu ambacho hakiji. Katika Linux, dibaga huishika programu nyingine kwa njia ya ptrace, kisha husubiri keneli, moyo wa mfumo, iiambie kwamba jambo limetokea. Habari hiyo ikipotea, au ikifika wakati dibaga haijaanza kusikiliza, kusubiri hakutaisha. Dawa ya kwanza ni kuileta dibaga ya pili juu ya ile iliyokwama: amri gdb -p na namba ya mchakato, halafu thread apply all bt, na utaona kila uzi umesimama kwenye mstari upi. (Katika Ubuntu utahitaji haki za msimamizi, maana tangu toleo la 10.10 mfumo huo hauruhusu mchakato kuushika mchakato ambao si mtoto wake.) Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara moja hawezi tena kuridhika na kuzima na kuwasha.

Kuna kunyamaza kwa tatu, na huko ndiko kunakotugusa sisi wa Lubumbashi kuliko wengi: dibaga inangoja mtandao.

Programu zinazogawiwa kwa watu huondolewa taarifa za dibaga, yaani majina ya faili, namba za mistari na maelezo ya vitu vilivyomo, kwa sababu ni nzito. Zamani aliyezihitaji alizitafuta na kuziweka kwa mkono. Novemba 2019 toleo la 0.178 la vyombo vya elfutils lilileta debuginfod, seva inayopokea namba ya utambulisho ya programu, kwa kawaida yenye tarakimu na herufi 40, na kumrudishia aliyeuliza taarifa za programu hiyo. Oktoba 2020 GDB 10 ikajua kuzungumza na seva hizo. Novemba 2021 Fedora 35 ikatoka na anwani ya seva ikiwa imewekwa tayari kwa kila mtumiaji. Wazo hili ni zuri, na ninawashukuru waliolileta. Mtu mwenye mtandao wa kasi hakuhitaji tena kujua jina la kifurushi cha taarifa hizo. Alifungua dibaga, na baada ya sekunde chache kila kitu kilikuwa mahali pake.

Sasa tulilete wazo hilo katika komini ya Kenya, saa mbili usiku, kila mtu yuko kwenye simu.

Dibaga inafungua programu. Programu inatumia laibrari 40, jambo la kawaida kwa programu yenye madirisha na vitufe. Kwa kila laibrari isiyo na taarifa zake, dibaga inaiuliza seva. Kanuni ya upande wa anayeuliza inasema kwamba seva isiyoleta angalau kilobaiti 100 ndani ya sekunde 90 iachwe. Sekunde 90 mara laibrari 40 ni sekunde 3,600. Saa nzima. Hiyo ni hesabu ya hali mbaya sana, na mara nyingi mambo hayafiki huko. Lakini ichukueni robo yake, dakika 15 za kioo kisichojibu, na mniambie ni mwanafunzi gani wa mwaka wa pili atakayekaa kusubiri akiamini kwamba chombo kinafanya kazi.

Ninaomba mliangalie vizuri jambo linalofuata, maana hapo ndipo penye uzito wa barua hii. Mtandao uliokatika kabisa haudhuru kiasi hicho. Dibaga inajaribu, inaambiwa hakuna njia, inaendelea na kazi yake. Unaodhuru ni mtandao wa nusu: simu inaonyesha alama zote, seva inaitika, lakini data inapita tone kwa tone. Huo ndio mtandao wetu wa siku nyingi. Waliopanga sekunde 90 hawakukosea kwa nia mbaya. Walikuwa wanawaza mitandao miwili, uliopo na usiokuwepo, na huu wa tatu hawaishi nao.

Tena mega zinazoliwa ni zetu. Faili zilizopakuliwa huwekwa katika akiba ya muda kwenye diski, lakini kwa mpangilio wa kawaida faili isiyoguswa kwa sekunde 604,800, yaani wiki moja, inafutwa. Penye intaneti ya kudumu huo ni usafi wa nyumba. Kwa mwanafunzi aliyenunua mega kwa franka zake, akapakua kwa taabu, akaingia mitihani na kurudi kwenye kazi yake baada ya siku kumi, maana yake ni kulipia kitu kilekile mara ya pili. Hakuna aliyemwambia kwamba mpangilio huo upo, wala kwamba unabadilishwa kwa kuandika namba nyingine katika faili ndogo iliyo ndani ya akiba yenyewe.

Mei 2022 GDB 12 ilileta swali mwanzoni mwa kazi: unakubali nipakue taarifa katika kipindi hiki? Usipochagua, jibu ni hapana. Ilileta pia amri set debuginfod enabled, ya kuwasha, kuzima, au kuulizwa. Kabla ya hapo, GDB ya GNU yenyewe haikuuliza mtu yeyote ambaye mfumo wake ulikuwa na anwani ya seva. Kwa hiyo wenye chombo wana masikio: wakielezwa, wanatengeneza. Lakini swali halikumaliza shida. Anayejibu ndiyo kwa sababu anazihitaji kweli taarifa hizo anarudi kwenye kungoja kulekule, na sekunde zilezile 90.

Je, hii ni kasoro ya kurudi nyuma au ni maendeleo? Mwenye mtandao wa kasi atasema ni maendeleo, naye anasema kweli. Wa Ruashi atasema chombo kilichokuwa kinafunguka mara moja sasa kinakaa kimya, naye anasema kweli pia. Msimbo ni mmoja, toleo ni moja. Nusu ya kasoro iko ndani ya msimbo na nusu nyingine iko katika mtandao wetu, na nusu hizi mbili zisipokutana kwenye mashine moja, kasoro haipo kwa yeyote wa kuiona. GDB ina majaribio mengi sana ya kujipima, yanayoendeshwa kwa DejaGnu. Kila jaribio lina saa: kwa kawaida ni sekunde 10, na dibaga isipojibu ndani yake, matokeo yanaandikwa kwamba imeshindwa kwa kupitwa na muda. Utaratibu huo ni mzuri sana kwa kasoro za kunyamaza. Lakini majaribio ya debuginfod huwasha seva yake kwenye mashine ileile inayopimwa. Swali linatoka na jibu linarudi bila kuvuka hata waya mmoja. Majaribio hayo yanaweza kufaulu miaka na miaka, na sisi bado tunatazama kioo kilichoganda.

Wenzetu wa keneli ya Linux wana msimamo ambao ningependa uandikwe kwenye ukuta wa kila darasa la informatiki hapa mjini. Linus Torvalds ameushikilia kwa miaka mingi: programu ya mtumiaji iliyokuwa inafanya kazi isiharibike kwa sababu ya kupandisha toleo la keneli, na badiliko lililoleta uharibifu litengenezwe au liondolewe. Thorsten Leemhuis hufuatilia kasoro hizo, na tangu 2021 anatumia roboti iitwayo regzbot kuhakikisha hakuna iliyosahauliwa. Hata hivyo, orodha hiyo ina kile tu ambacho mtu amekiripoti. Kasoro ambayo watu wake wote wameinyamazia, wakabadilisha chombo, wakaomba mashine ya rafiki au wakaacha kazi, haiingii kwenye orodha yoyote. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi na sijawaandikia watunzaji wa GDB. Wao wanangoja ripoti. Mwenye uwezo wa kuwafunza waandishi wa ripoti hizo ni ninyi.

Labda mtauliza jinsi gani mtu wa mbali ataamini kasoro asiyoweza kuiona. Ataiamini akipewa namba. Mwanafunzi apime hapa: muda wa kwenda na kurudi kwa pakiti, sehemu ya pakiti zinazopotea, kasi ya kupakua kwa saa tofauti za siku. Kisha aziingize namba hizo katika netem, sehemu ya Linux inayoweza kuufanya mtandao mzuri uwe mbaya kwa makusudi: ucheleweshe pakiti kwa milisekunde kadhaa, upoteze asilimia fulani. Kwa amri moja, mtunzaji aliyeko Ulaya anaubeba mtandao wa Lubumbashi juu ya meza yake, na dibaga yake inakwama kama yetu. Ripoti inayosema "mtandao wetu ni mbaya" itasomwa kwa huruma na kuwekwa pembeni. Ripoti yenye amri ya netem, toleo la GDB, programu ndogo ya mistari kumi na muda uliopimwa itafunguliwa na kufanyiwa kazi.

Baada ya kuonyesha kwamba kasoro ipo, linafuata lile ambalo wanafunzi wengi hudhani ni la mabingwa peke yao: kulipata badiliko lililoileta. Linafundishika ndani ya wiki moja. Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo alichokianza Torvalds mwaka 2005, ina amri iitwayo bisect. Fundi wa umeme akiitwa kwa kuwa nyumba za mwisho wa barabara hazina moto na kabini ni nzima, hapandi kila nguzo. Anapima katikati ya laini, anajua ni nusu ipi yenye ubovu, anaigawa tena. Bisect inafanya hivyo kwa historia ya msimbo. Mabadiliko 1,000 yanamalizwa kwa vipimo 10 hivi, na mabadiliko 4,000 kwa vipimo 12. Kila kipimo kinadai kuijenga GDB upya, na kwenye mashine za zamani hiyo ni kazi ya kukaa na kusubiri. Ila kila hatua inaandikwa ndani ya folda ya .git. Delestaji ikimkuta mtu katikati, akiwasha tena mashine anaendelea alipoachia. Sijui chombo kingine cha kazi yetu kinachoufaa umeme wetu namna hiyo.

Nitaingia kidogo katika undani, kwa ajili ya maasistenti watakaoyafundisha haya. Bisect inaweza kujiendesha yenyewe ikipewa amri ya kupimia. Kwa kasoro ya kunyamaza, amri hiyo lazima iwe na saa, na Linux ina chombo kiitwacho timeout kwa kazi hiyo. Muda ukiisha, timeout hurudisha namba 124. Bisect huhesabu namba kutoka 1 hadi 127 kuwa toleo bovu, isipokuwa 125, ambayo maana yake ni ruka toleo hili. Mpaka hapo vinaelewana. Lakini dibaga iliyokwama vibaya huweza kukataa kufa kwa ishara ya kawaida, na ukiiua kwa ishara ya KILL namba inayorudi ni 137. Kwa bisect, 128 na kuendelea ni amri ya kusitisha kazi yote. Mwanafunzi ataona kazi ya mchana mzima imesimama na atadhani bisect yenyewe imeharibika. Dawa ni skripti fupi inayoigeuza 137 kuwa 1.

Mtego mwingine ni mbaya zaidi, kwa sababu unaficha kosa. GDB ikiendeshwa bila mtu mbele ya kioo, lile swali la kupakua linajijibu lenyewe: hapana. Kipimo kinafaulu kwa kila toleo lenye swali hilo, bisect inalitupia lawama badiliko lisilo na kosa, na mtumiaji aliyeko mbele ya kioo anaendelea kuteseka. Lazima upakuaji uwashwe waziwazi ndani ya kipimo, kwa amri ile ya enabled katika matoleo mapya. Katika matoleo ya kabla ya 12 amri hiyo haipo, na anwani ya seva katika mazingira ya mfumo inatosha. Nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo kijana anapojifunza kuutilia shaka ushahidi wake mwenyewe. Somo hilo litamfaa kwenye benki, kwenye mgodi, kwenye ofisi ya forodha ya Kasumbalesa, popote atakapoajiriwa.

Sasa ninayoyaomba kwenu.

Wekeni katika kila shule nakala kamili ya historia ya misimbo mikubwa: binutils na GDB, Linux, Python. Ni nzito. Kila mwanafunzi hawezi kuipakua kwa mega zake, na nakala iliyokatwa ili iwe nyepesi haifai kwa bisect kwa kuwa historia haimo. Shule ipakue mara moja, usiku, na wanafunzi waichukue kwa waya wa ndani. Kando yake iwepo seva ya debuginfod ya shule yenyewe. Inaweza kusoma vifurushi vya programu vilivyomo kwenye diski, na swali isilolijua ikalipeleka kwa seva za nje kisha ikahifadhi jibu. Hapo taarifa zitakazopakuliwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja zitawafaa wote walio kwenye ukumbi huo, na dibaga itajibu kama inavyojibu kwingine duniani. Kompyuta ya kawaida yenye diski kubwa inatosha kuanza. Ninalitanguliza hili kwa kuwa halimgombanishi mtu na halingoji kibali kutoka Kinshasa.

Gumu zaidi ni kazi ya mwisho ya masomo. Mnajua wenyewe vichwa vinavyojaa kwenye rafu za maktaba: kubuni na kutengeneza mfumo wa kusimamia akiba ya dawa, wa kusimamia wanafunzi, wa kusimamia wateja, kwa mfano wa taasisi fulani. Sizidharau kazi hizo. Kijana anajifunza kupanga data na kumsikiliza mteja. Lakini kazi nyingi za namna hiyo huishia siku ya utetezi. Juri ikitoka ukumbini, hakuna anayeiwasha programu tena. Kwa nini mwanafunzi asitetee matengenezo ya mistari 12 katika chombo kinachotumiwa dunia nzima? Alete jaribio litakaloizuia kasoro hiyo isirudi, na maelezo ya kurasa 40 ya jinsi alivyoitafuta, alivyoipima, alivyodanganywa na kipimo na alivyogundua. Mistari 12 ni michache kwa macho. Kazi ya kuifikia inadai kusoma msimbo wa watu wengine usio na maelezo ya Kifaransa, kuelewa keneli, kuelewa mtandao, na kujadiliana kwa maandishi na watu wasiomjua. Mfumo wa LMD unahesabu kazi ya mwanafunzi kwa krediti. Kazi hii nayo ihesabiwe.

Na juri isingoje matengenezo yapokelewe ndipo impe alama. Watunzaji wa miradi hii wengi wana kazi nyingine. Ukaguzi unaweza kuchukua wiki au miezi, na mara nyingi watataka mambo yaandikwe upya. Kupimwa kwa saa ya mtu wa mbali kutamwonea mwanafunzi. Apimwe kwa ubora wa ripoti, wa jaribio na wa hoja.

Kuhusu Kiingereza, hofu ni kubwa kuliko kizuizi chenyewe. Ripoti nzuri ina toleo, hatua za kurudia kosa, kilichotarajiwa, kilichotokea, na matokeo yaliyonakiliwa kutoka kwenye dirisha la amri. Sehemu kubwa yake ni amri na namba. Walimu wa lugha mlio nao wanaweza kufundisha aina hiyo moja ya maandishi kwa muhula mmoja, na itamfaa kijana kuliko mazoezi mengi ya kujaza nafasi.

Najua pia mtaniambia kwamba waajiri wa hapa wanatafuta watu wa kurasa za intaneti na programu za simu. Ni kweli. Nami najibu kwamba kurasa na programu hizo zimesimama juu ya tabaka nyingi ambazo nazo hurudi nyuma zikipandishwa toleo. Siku zikirudi nyuma, kampuni za mji huu huleta mtaalamu kutoka nje na kumlipa kwa dola, na kijana wetu anabeba begi lake.

Ombi la mwisho ni la sahihi. GDB ni mradi wa GNU. Kwa desturi ya miradi hiyo, matengenezo ya mistari isiyofika 15 hivi hayahesabiwi kuwa mazito kisheria, lakini yakiwa makubwa zaidi mchangiaji anaweza kuombwa karatasi za haki kwa Free Software Foundation, na shule au mwajiri anayeweza kudai haki juu ya kazi hiyo anaweza kuombwa kutia sahihi kwamba hadai. Karatasi kama hiyo ikifika ofisini bila mtu kujua ni nini, itazunguka kutoka meza hadi meza mpaka mwaka wa masomo uishe. Teueni mapema, katika kila shule, mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuisoma na kuisaini.

Tunaweza kuanza kabla mamlaka zote hazijakubaliana. Mimi na wenzangu wachache tunaoandika programu hapa mjini tuko tayari kuja Jumamosi yoyote mtakayoitaja. Kazi ya kwanza iwe hii: katika shule tatu, saa moja ileile, kupima toleo jipya la GDB linachukua muda gani tangu kujibiwa ndiyo hadi kuonyesha mahali pa kuandika amri, mara moja kwa mtandao wa shule na mara moja kwa mtandao wa simu. Matokeo yatiwe ndani ya netem, yaandikwe ripoti moja, ipelekwe kwa watunzaji wa GDB ikiwa na majina ya wanafunzi walioifanya. Tunachohitaji kwenu ni ukumbi, soketi zenye umeme wa uhakika kwa saa nne, na asistenti mmoja kutoka kila shule.

Kwa heshima,
mwandishi wa programu, Kamalondo, Lubumbashi